Nani Kaweka Sufuria Motoni?

Zarifa alikuwa na miaka themanini na moja na mtoto mmoja wa kiume, na ungemuuliza kipi kati ya hivyo viwili kinamchosha, angekwambia miaka haijamsumbua kitu.

Mtoto huyo, Hezkel, kazi yake ilikuwa kuwasha moto. Kila siku alizunguka Yerusalemu na kiberiti mfukoni. Alfajiri aliingia jikoni mwa hoteli moja kubwa, kabla ya adhuhuri alikuwa ukumbi wa harusi, na saa saba mchana alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule Talpioti. Kila alikofika, wapishi Waarabu walimngoja mikono kifuani, vitunguu vimeshakatwa, mpaka yeye Myahudi awashe jiko na aweke sufuria motoni kwa mkono wake. Bila mkono huo chakula kilihesabika kupikwa na mtu wa nje, na sheria haikiruhusu, hata nyama iwe imechinjwa na malaika. Akishaweka, wapishi waliendelea na kazi yao, naye aliendelea na safari yake. Hezkel aliipenda kazi hii kwa moyo wote, na aliamini, nadhani kwa haki, kwamba mji mzima unashiba kwa sababu yake.

Mama yake aliishi mtaa wa Nahlaoti, ghorofa ya pili, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka ukumbi ule wa harusi. Hezkel alifika Ijumaa tu. Alikula kube tatu akiwa wima, yale madonge ya ngano yaliyojazwa nyama ndani ya mchuzi mchachu, akabeba sufuria ndogo ya kumpelekea mkewe, akabusu kijikasha cha maandiko kwenye mwimo wa mlango, akashuka ngazi mbio kwenda kujiandaa na Sabato. Siku nyingine alipiga simu saa sita, dakika mbili. Kumheshimu mama ni amri, na Hezkel hakuwa mtu wa kuvunja amri. Ila amri hiyo haikutaja ni mara ngapi kwa wiki, basi akaona mara moja inatosha.

Zarifa alikaa na Marivic, mwanamke wa Kifilipino wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa akimtunza mwaka wa nne sasa. Marivic alimwogesha, alimpa dawa, alicheza naye karata, na ndiye aliyepika. Hili la mwisho Hezkel hakulijua sawasawa. Alijua kwamba Marivic "anasaidia". Hakujua kwamba ndiye anayekanda ngano, anayesaga nyama, anayekamua ndimu, na kwamba kube zake zilishazipita za Zarifa aliyemfundisha. Zarifa alibaki na kazi moja tu, ya kuishika ile sufuria kubwa ya aluminiamu kwa mikono miwili na kuiweka motoni. Kwa hiyo kila Ijumaa Hezkel alipofumba macho na kusema mkono wa mama hauna mfano, wanawake wawili walitazama chini kwa unyenyekevu, kila mmoja akijua sifa ni za nani.

Jumatatu moja, baada ya mvua za kwanza, Zarifa aliamka na homa. Mikono ilimtetemeka kwelikweli. Akaishika sufuria, akairudisha mezani, akaishika tena.

"Wacha niweke mimi, Bibi," Marivic akasema. "Nani anaona?"

"Mungu anaona."

"Basi anaona na hiyo homa."

Zarifa akarudi kitandani. Marivic akaweka sufuria motoni. Hata mchuzi haujaanza kutoa mvuke, simu ikalia, maana ilikuwa saa sita. Hezkel akauliza, kama kawaida yake, mama anafanya nini. Na Zarifa, ambaye katika maisha yake alikuwa amedanganya kuhusu umri, bei na jirani, hakuwahi kudanganya kuhusu sufuria. Akasema yuko kitandani, Marivic kaweka kube motoni.

Upande wa pili simu ikakatwa.

Baada ya dakika kumi, maana mwendo ule wa dakika kumi na mbili aliukimbia, Hezkel alikuwa mlangoni akihema, kofia upande, ndevu zina maji ya mvua. Hakuwa amekanyaga nyumba hiyo siku ya kazi tangu matanga ya baba yake. Akapita moja kwa moja jikoni, akazima gesi, akamwaga mchuzi. Kube kumi na nne zikaenda kwenye pipa huku Marivic akizisindikiza kwa macho. Ndipo akaja kitandani kumuuliza mama yake hali.

Sufuria nayo ilikuwa imeharibika, kwa maana ya sheria. Akaeleza kwamba ni lazima ipumzike saa ishirini na nne, kisha ichemshwe kwa maji tele mpaka yafurike, na kazi hiyo hawezi kumwachia mtu. Kesho atakuja mwenyewe. Kisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imezidi, akakaa. Akamchemshia mama chai. Akasikia bomba linadondoka, akalikaza. Akasimulia habari za binti yake aliyekataa mchumba wa tatu, na Zarifa akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa wanne kabla ya kumkubali baba yake Hezkel. Hezkel hakuwa amelijua hilo. Akataka kujua hao wanne walikuwa akina nani.

Aliondoka saa saba kasorobo. Zarifa, na homa yake, alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Akalala akitazama dari na kufikiri. Mwanawe huyu hawezi kuja kwa sababu anapendwa, wala kwa sababu anaombwa. Ila ukimwonyesha sufuria iliyo mashakani, atavuka mto uliofurika.

Jumanne akaja kuichemsha sufuria. Homa ilikuwa imekwisha, na mikono ya Zarifa ilikuwa imetulia kama ya fundi saa. Hezkel akamaliza kuchemsha, akafuta mikono, akauliza, "Na mikono yako, Mama? Utaweza kuinyanyua leo?"

Zarifa akaitazama mikono yake juu ya shali. Akaufanya wa kulia utetemeke. Halafu, kwa kuwa haikuonekana vizuri, na wa kushoto.

"Mungu anajua, mwanangu," akasema, na hapo hakudanganya.

Kuanzia siku hiyo Hezkel akawa anakuja kila siku saa sita na nusu kuweka sufuria. Siku za kwanza ilikuwa kuingia na kutoka. Anaweka, anasema kwa heri, anaondoka. Zarifa akaona hapa panahitaji kukaza uzi. Alikuwa binti wa mchinjaji wa dini wa Zakho, kule Iraki, alikulia chini ya meza ambayo juu yake watu wazima walibishana mambo haya mpaka mishumaa ikaisha, na alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko walivyomdhania.

"Wewe nenda tu," akamwambia siku ya tatu. "Ila nina swali. Mchuzi ukifurika, Marivic akaiondoa sufuria, akafuta jiko, akairudisha, na chakula hakijafika hata theluthi ya kuiva. Hapo nani kaweka sufuria motoni?"

Hezkel, kofia mkononi, akasimama mlangoni. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe aliwatega nalo wasimamizi wapya.

"Marivic," akakiri.

"Mimi sikusema. Wewe ndiye uliyesoma."

Akarudi, akakaa, akangoja theluthi ya kuiva, ambayo ikishapita sufuria inaweza kurudishwa motoni na mtu yeyote. Ilichukua dakika ishirini na tano. Wiki iliyofuata Zarifa akatamani maharage, halafu miguu ya ng'ombe, vitu vya kupikwa polepole. Marivic, bila kuambiwa na mtu, akajifunza kupunguza moto kila Hezkel anapogeuka.

Marivic aliyaona yote. Alikuwa na mama yake mwenyewe huko kwao Iloilo, anayetunzwa na mtu mwingine, na alimpigia simu kila usiku dakika nyingi zaidi ya mbili. "Bibi, wewe ni mwigizaji," alimwambia akimkata kucha. "Mkono huo jana ulinipiga karata saba mfululizo."

"Karata hazina uzito," Zarifa akasema.

Usidhani Hezkel alikubali bila kutafuta mlango wa kutokea. Kila mtu anapenda sheria kali, ila ikimhusu jirani. Alianza na Bi Fruma wa mlango wa mkabala, mjane wa Kipolandi, Myahudi safi kabisa, mzima wa mikono. Kwa nini asivuke hatua nne na kuweka sufuria? Zarifa akamjibu kwamba mwanamke anayetia sukari kwenye samaki hatagusa sufuria yake akiwa hai. Hezkel akasema hiyo si hoja ya kisheria. Zarifa akasema hakudai kwamba ni ya kisheria.

Siku nyingine akaja na taa ndogo ya gesi. Aiwashe yeye mara moja, ibaki inawaka mchana na usiku, na Marivic awashe jiko kwa moto huo. Hivyo mkono wa Myahudi umeshahusika.

"Hiyo ni njia ya akina Fruma," mama akasema. "Wao, Wayahudi wa Ulaya, kuwasha kunawatosha. Sisi watu wetu lazima sufuria yenyewe. Si wewe uliyemkaripia yule mwenye mkahawa pale sokoni kwa jambo hilohilo, ukanisimulia nusu saa?"

Alikuwa ni yeye. Akairudisha taa kwenye mfuko.

Ndipo, wiki ya tano, akafanya kosa. Alikuwa amechelewa Talpioti mara mbili na msimamizi mkuu alikuwa amemsema. Usiku alikuwa amefungua vitabu, na saa sita na nusu akaja anang'aa uso.

"Mama, nimepata. Kwanza, wazee wananingoja Talpioti, hilo ulijue."

"Na mimi ni kijana?"

"Sikiliza. Sheria inakataza chakula kinachofaa kuletwa mezani pa mfalme. Chakula cha kawaida, cha kimaskini, hakimo. Hata akipika mtu wa nje kinaliwa. Sasa kube, ukifikiria, asili yake ni nini? Ni chakula cha watu wa milimani. Ngano na makombo ya nyama. Hakuna mfalme ambaye..."

Sauti ya vyombo jikoni ikakoma. Marivic alitokea mlangoni, mikono ina povu. Zarifa akajiweka sawa kwenye kiti.

"Maliza, mwanangu. Hakuna mfalme ambaye nini?"

Hezkel alitazama huku na huku. Alikuwa ameingia majiko mengi na kukabiliana na wapishi wenye visu, ila hajawahi kuona macho manne ya namna ile.

"Nazungumzia asili yake tu," akasema.

"Umekula kube hizi miaka hamsini na sita. Tatu kila Ijumaa, na sufuria ya kubeba. Sema kwa mdomo wako kwamba hazifai kwa mfalme, na kuanzia leo Marivic ataziweka motoni yeye, na wewe utaondokewa na mzigo. Sema tu."

Kwa Zarifa ilikuwa kamari. Neno moja tu, na mwanawe angekuwa huru kisheria. Hezkel akaenda jikoni, akanyanyua sufuria, akaiweka motoni, akarudi, akakaa kungoja theluthi.

Tangu siku hiyo hakutafuta tena. Akaanza kuja mapema kidogo. Alileta gazeti, akamsomea mama habari za waliofariki, ambazo Zarifa alizipenda kuliko zote. Siku moja alisinzia kwenye kochi mdomo wazi, na mama yake akamfunika kwa shali, akakaa akimtazama zile nywele zilizopungua utosini. Alikuwa amesahau kwamba mwanawe hukoroma sawasawa na baba yake. Wakati mwingine dhamiri ilimchoma. Kumfunga mtu kwa uongo, na uongo wenyewe kuusimamisha juu ya sheria, si jambo dogo. Alijiambia ataacha baada ya sikukuu ya Hanuka. Hanuka ikapita, akajiambia baada ya baridi.

Siku ilipofika hakuichagua yeye. Marivic alikuwa ameosha sakafu, na huku haijakauka akaibeba ile sufuria kubwa ya maji yanayochemka kuyapeleka kwenye sinki. Mguu ukateleza. Zarifa alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza. Hakufikiri lolote. Aliruka, kwa miaka yake themanini na moja, akaidaka sufuria kwa mikono miwili na vitambaa vya kukaushia vyombo, akaishikilia palepale hewani, imejaa, bila kumwaga tone, mpaka Marivic alipopata kusimama. Kisha akaizungusha polepole, akaiweka juu ya jiko.

Alipogeuka, Hezkel alikuwa mlangoni. Siku hiyo alikuwa amewahi.

Zarifa akajua yamekwisha. Akangoja aulize. Alikuwa tayari kujibu, hata kupokea lawama, maana mtu anayekulaumu sharti kwanza akae chini. Lakini Hezkel hakuuliza. Macho yalimjaa machozi. Akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti, mfalme wa ulimwengu, anayewanyoosha waliopinda, akaja akaishika mikono ya mama yake, akaibusu mmoja baada ya mwingine, yule mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akilia kwa furaha.

"Umepona," akasema. "Mama, umepona."

Marivic alikuwa ameshika ukingo wa sinki, anamtazama Zarifa kwa huruma.

Hezkel akafuta macho, kisha akaitazama saa yake. Uso ukamwangaza zaidi. Leo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, atawahi Talpioti kwa wakati, akawawashie moto mama za watu.

Habari ikasambaa. Hezkel aliitangaza kwenye sinagogi, na wiki nzima wanawake wa mtaa walipanda ngazi kuja kuigusa ile mikono. Mmoja alileta mtoto mwenye kigugumizi. Bi Fruma alivuka hatua zake nne na samaki wake wa sukari, akakaa saa mbili. Nyumba haijawahi kujaa watu namna hiyo. Ila saa sita simu ililia kama zamani, dakika mbili, na saa sita na nusu Zarifa alinyanyua sufuria mwenyewe akaiweka motoni, na chakula kilikuwa halali toka chini hadi juu.

Ijumaa Hezkel akafika. Alikula kube tatu akiwa wima. Akafumba macho, akasema mkono wa mama hauna mfano, hasa sasa baada ya muujiza. Akachukua sufuria ndogo. Alipokuwa ananyoosha vidole kukibusu kile kijikasha, Zarifa akamshika mkono wa koti.

"Hezkel. Mikono yangu haikuwa na ugonjwa. Ile Jumatatu tu ya homa. Siku nyingine zote nilikuwa naweza."

Akageuka, sufuria kwapani. "Siku zote zile?"

"Siku zote. Nilitaka uje. Nilikuwa nakutamani, mwanangu, na sikuona njia nyingine."

Hezkel akasimama. Zarifa aliutazama uso wake, aliokuwa akiusoma tangu siku ya kwanza ya kuzaliwa kwake, akaona mawazo yakipita humo moja baada ya jingine. Alikuwa anarudi nyuma siku kwa siku, sufuria kwa sufuria, Jumanne ile, yale maharage, ile miguu ya ng'ombe. Alikuwa anapiga hesabu ya nani kaweka nini. Alipofika mwisho, mabega yalimshuka kwa ahueni.

"Lakini niliweka mimi kila siku," akasema. "Kwa hiyo chakula chote kilikuwa halali."

"Chote," Zarifa akasema.

"Basi hakuna tatizo, Mama."

"Hakuna. Nenda, Sabato inaingia."

Akambusu, akashuka. Zarifa alibaki mlangoni akisikiliza viatu vyake kwenye ngazi. Chini, ghorofa ya kwanza, viatu vilisimama. Vilisimama kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anayetafuta ufunguo au anayerekebisha mfuniko, na Zarifa akashika mwimo wa mlango. Kisha vikaendelea kushuka.

Marivic alikuwa nyuma yake na shali. Alimfunika mabega, akamgeuza taratibu kuelekea ndani, akamuuliza kama sahani ya tatu, ile ya Hezkel, aiache mezani au aiondoe.

"Iache," Zarifa akasema.